Sadaka ya Shemasi

Mchungaji aliyewafungisha ndoa aliwapa maagizo mengi siku ile, na mengi yalimezwa na vigelegele. Moja tu lilibaki: wasilale kabla ya kusali pamoja. Shemasi na mkewe walilishika agizo hilo kwa mikono miwili. Hata walipoacha kuzungumza, hawakuacha kusali.

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, walipiga magoti sebuleni, kila mmoja mbele ya kiti chake, viwiko juu ya mto, macho yamefumbwa. Mke ndiye aliyeanza.

"Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa siku ya leo. Wakumbuke wajane, wagonjwa na wasafiri. Na umkumbushe mtumishi wako kwamba bomba la jikoni linavuja tangu juzi. Anapata nafasi ya kuezeka nyumba za watu, Bwana, na hilo ni jema machoni pako, lakini maji sasa yanafika kwenye unga. Amina."

"Amina," aliitikia Shemasi, akakohoa kidogo. "Ee Mungu, asante kwa chakula, japo chumvi ilikuwa imechangamka. Mpe mwenzangu subira. Wewe unajua kwamba bomba nililitengeneza, na unajua ni nani analifunga kama anamnyonga kuku. Amina."

"Amina."

Wakasimama. Yeye akaenda kufunga madirisha, mke akaenda kutandika kitanda, na nyumba ikarudia ukimya wake. Yote waliyotaka kuambiana waliyapitisha kwa Mungu, kama majirani wawili waliokosana wanavyomtumia mpangaji wa katikati. Hata habari ya sukari kuisha ilipanda mbinguni kwanza.

Hawakuwa hivyo zamani. Shemasi alikuwa seremala mwenye karakana mtaa wa pili, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, na kanisani alisimamia kamati ya matendo ya huruma. Paa la mjane likitoboka, aliitwa yeye. Mlango wa mzee ukianguka, aliitwa yeye, na alikwenda bila kusukumwa. Mkewe alifanya kazi kwenye bekari ya karibu na stendi. Alikanda, akapima madonge, akapanga kwenye trei, na mikate isiyouzwa aliibeba jioni kwenda nayo kwa wagonjwa, yeye na wenzake wa kundi la kutembelea. Hivyo watu wakamwita Mama Mikate. Alilipokea jina hilo kwa kicheko wakati ule, akijua kwamba muda si mrefu angepata la kweli.

Mwaka uliopita mtoto wao alizaliwa kimya, akabaki kimya.

Shemasi alikuwa amemtengenezea kitanda. Kilikuwa kitanda kidogo cha kubembea, cha mbao nyepesi, chenye miguu iliyopinda kama tabasamu. Alikikata na kukiunga mwenyewe, lakini kazi ya msasa alimwachia mkewe, na jioni nyingi Mama Mikate alikaa kwenye kibao cha karakana, tumbo mbele, akisugua fito moja baada ya nyingine mpaka vumbi la mbao likamjaa kwenye nyusi. Kwenye ubao wa juu alisugua mno mahali pamoja, pakabonyea. Shemasi alipapasa pale akacheka. "Basi, hapo mwanangu ataweka kidevu."

Baada ya mazishi, kitanda kilikaa kwenye chumba kidogo, kimefunikwa shuka. Mama Mikate aliingia mle kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Hakufanya kitu. Aliweka mkono juu ya shuka, akautoa, akaenda zake. Shemasi hakuingia kabisa. Kisha siku moja Mama Mikate alirudi kutoka bekari akakuta chumba kitupu, shuka limekunjwa vizuri kwenye kizingiti cha dirisha. Alidhani mumewe amekipandisha kwenye dari la karakana kumpunguzia machungu. Hakuuliza. Kimoyomoyo alimshukuru, na huenda hilo ndilo lililokuja kumuuma zaidi.

Siku ya kundi kutembelea, walikwenda wanawake wanne kumwona binti mmoja aliyekuwa amejifungua. Binti huyo alikuwa mgeni kanisani, mwenye aibu, na aliyempa mimba alikuwa ameondoka bila kuaga. Alipanga chumba nyuma ya gereji. Harufu ya oili ilifika mpaka kitandani, na dirisha lilitazama ukuta, basi taa iliwaka mchana. Mama Mikate aliingia wa mwisho, mikate miwili kwapani, akainama kumtazama mtoto.

Mtoto alikuwa amelala mdomo wazi. Mama Mikate alishika ubao ili asipoteze usawa, na kidole gumba chake kikaingia mahali palipobonyea.

"Kitanda kizuri mno hiki!" alisema mmoja wa wale akina mama. "Kimetoka duka gani?"

"Si cha duka, mama," binti alijibu. "Shemasi wenu alikileta mwenyewe, amekibeba begani. Akasema ni sadaka. Mungu amzidishie."

"Amina!" wakasema kwa pamoja, wakamgeukia Mama Mikate kana kwamba ni bibi harusi.

"Na kimya chako chote! Wengine tungetangaza mpaka redioni."

"Mume unaye, dada. Sisi wengine tunao wapangaji."

Wakacheka. Mama Mikate naye alicheka. Aliweka mikate juu ya ndoo iliyofunikwa, akaomba maji ya kunywa, akayanywa yote. Mwenzake wa bekari tu, ambaye kwa jinsi hasira zake zinavyoumuka wote walimwita Hamira, ndiye aliyemtazama mara ya pili.

Jioni ile Mama Mikate aliosha vyombo, akapiga magoti mbele ya kiti chake, akafumba macho.

"Baba wa mbinguni," alisema, "wasamehe wezi."

Shemasi alikaa tayari kuitikia.

"Wasamehe na wale wanaoiba nyumbani kwao, Bwana, wakaenda kuitwa wema kwa watu."

"Unasema nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza mmoja wao kumkatiza mwenziwe kwenye sala. Mama Mikate hakufumbua macho.

"Nasali."

"Unasali au unanisema?"

"Nimekiona," alisema, na sasa akafumbua. "Leo tulikwenda kwa yule binti. Nimekiona, kuna mtoto ndani yake."

Shemasi alishusha viwiko. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekutwa na kitu mfukoni. "Alikuwa anamlaza kwenye katoni," alisema. "Boksi la katoni, mke wangu, chini sakafuni. Ningefanya nini?"

"Ungeniuliza."

"Nikuulize vipi? Nianzie wapi?"

"Ungeniuliza."

"Kilikuwa kimekaa tu!"

Maneno hayo yalipotoka, yeye mwenyewe aliyasikia. Alinyoosha mkono kama mtu anayetaka kuyarudisha, lakini Mama Mikate alikwisha kusimama.

"Kimekaa tu," alirudia polepole. "Sawa. Kuanzia leo sali peke yako."

Hakusema amina.

*

"Mwache," alisema Hamira kesho yake, akipiga donge la unga kwenye meza hadi trei zikaruka. "Hapana, usimwache. Mnyime chakula. Hapana, huyo akinyimwa chakula atafunga, aseme amefunga kwa ajili ya maombi. Wewe mpige tu na koleo la tanuri."

"Dada yangu amenitafutia kazi huko aliko," Mama Mikate alisema. "Bekari kubwa, mashine za kukandia. Amesema niende nikapumzike. Nikitaka kurudi nitarudi, nisipotaka nisirudi."

Hamira aliacha kukanda. "Lini?"

"Jumapili asubuhi kuna basi."

"Utamwacha shemeji kwa sababu ya kitanda?"

"Si kitanda."

"Najua si kitanda, nimekuuliza tu ili useme." Hamira alijifuta paji la uso kwa mgongo wa mkono, akajiachia alama ya unga. "Umemwona mchungaji?"

"Nikamwambie nini? Kwamba mume wangu ametoa sadaka? Atampandisha cheo."

Hamira alitaka kucheka, akaona uso wa mwenzake, akaacha. Walifanya kazi mpaka trei zote zikajaa. Kisha Mama Mikate akasema, bila kumtazama, kwamba kuna jambo jingine linamsumbua. Sala ya Bwana imeanza kumkatikia. Anaianza vizuri, anaomba riziki ya kila siku, na akifika penye kusamehe waliotukosea sauti haiji. Anarudi mwanzo, anakwenda tena, anakwama palepale. Ameisali tangu utotoni, na sasa ni kama anajifunza upya na kushindwa.

"Basi ruka hapo," Hamira alisema.

"Nilijaribu. Haiwezekani. Ukiruka hapo, yaliyobaki hayana maana."

Siku zilizofuata Shemasi alitengeneza bomba likakauka kabisa. Akapaka rangi mlango wa nyuma ambao hakuna aliyemwomba aupake. Alimsalimu mkewe asubuhi, naye akaitikia. Jioni alipiga magoti peke yake, na mkewe alisimama jikoni akikausha kikombe ambacho kilikwisha kukauka, akisikiliza. Alitegemea kusikia anavyosemwa. Hakusikia neno. Yule mtu aliyekuwa akisali kwa sauti ya mkutano sasa alinong'ona kama mtu anayezungumza na mgonjwa, na ukuta ukameza yote.

Jumamosi mchana Mama Mikate alifungasha begi. Aliweka nguo, viatu vya kazini, na kitambaa cha kichwa cha kwaya, ambacho alikitoa, akakirudisha, akakitoa tena. Shemasi alipita mlangoni, akaliona begi, akaenda kukaa kwenye ngazi za nje. Hodi ilipopigwa, yeye ndiye aliyekuwa karibu, lakini hakuitikia. Mama Mikate alitoka kutazama kuna nini.

Nje alikuwepo yule binti, mtoto mgongoni, jasho likimtiririka, ameshika toroli la kubebea mchanga. Ndani ya toroli kitanda kilikuwa kimelazwa ubavu, kimefungwa kamba, na katikati alikuwa ameweka godoro lake dogo, limefuliwa, bado lina unyevu.

"Shikamooni," alisema kwa wote wawili. "Samahanini. Nimekirudisha."

"Nani kakutuma?" Mama Mikate aliuliza.

"Alikuja yule mama wa bekari, anayeongea sana. Alisema kwamba hajatumwa. Alianza na hilo." Binti alimeza mate. "Mama, mimi sikujua. Wallahi... samahani, naapa sikujua. Ningejua nisingemlaza mwanangu humo. Nimekisugua kwa maji ya moto."

Shemasi alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Na msijali kuhusu sisi," binti aliongeza haraka, kama anayehofia watamwonea huruma. "Ile katoni bado ninayo. Haijaharibika."

Mama Mikate alikwenda hadi kwenye toroli. Alikuwa amejiandaa kwa mengi wiki hiyo, lakini hili hakulifikiria: kwamba angekitaka. Alikitaka kama mtu anavyotaka maji. Angekiingiza kwenye chumba kidogo, angefunika shuka, angeweka mkono juu yake kila asubuhi maisha yake yote, na hakuna ambaye angethubutu kumwambia kitu. Haki yake. Aligusa ule ubao wa juu. Ulikuwa wa baridi kwa kuoshwa, na unanuka sabuni ya kufulia.

Mtoto akapiga chafya mgongoni kwa mama yake.

Akawaza, bila kutaka kuwaza, juu ya mikate yake. Miaka yote ile alikuwa amezunguka na kikapu, watu wakimbariki, na ndani ya kikapu kulikuwa na nini? Mikate iliyobaki. Mikate ambayo kesho yake ingekuwa chakula cha kuku. Hakuwa amewahi kuombwa kitu kinachouma. Alisali haraka, macho wazi, sala isiyokuwa na maneno mazuri: Bwana, hiki nakitaka, na Wewe unaona kwamba nakitaka.

"Kirudishe," alisema.

Binti hakuelewa. "Nimekirudisha, mama."

"Kirudishe kwako. Huyu alikupa kitu ambacho hakikuwa chake peke yake. Kilikuwa chetu wawili, yeye akakupa upande wake. Sasa nakupa wangu." Akaushika mkono wa toroli. "Lakini hutakisukuma peke yako. Utakivunja miguu kwenye toroli hilo. Shemasi, njoo ushike huku."

Shemasi alikuja. Alifungua kamba kwa vidole vilivyosahau mafundo. Akashika upande wa kichwani, mkewe akashika wa miguuni, wakakinyanyua. Binti aliwatangulia na toroli tupu, gurudumu likipiga kelele njia nzima.

Walipita mtaa wa maduka. Fundi viatu aliinua uso akawaona, meno yote nje. "Shemasi! Mbona mmetuficha? Hongera, shemeji! Lini?"

Kitanda kikayumba upande wa Shemasi. Mama Mikate ndiye aliyejibu. "Ni cha mwenzetu, kaka. Asante."

Baada ya kona, penye ukuta wa shule, Shemasi alisema, "Tukiweke kidogo." Wakakiweka chini. Binti aliendelea mbele, hakuwaona. Shemasi alijifuta uso kwa bega la shati.

"Ile haikuwa sadaka," alisema.

Mke alimgeukia.

"Nilisema sadaka kwa kuwa neno hilo lilikuwa karibu. Mimi nilitaka kitoke. Nilikuwa napita mlango wa kile chumba nikiwa nimeziba pumzi, kama mtoto anayepita makaburini. Halafu nikatumwa na kamati kwa huyu binti, nikaona katoni, na nikafurahi." Alitazama viatu vyake. "Unanielewa? Kuna mtoto amelazwa kwenye katoni, na mimi nimefurahi, kwa sababu nimepata njia. Watu wakaniambia ubarikiwe, nikaitikia amina."

"Na mimi? Hukuniwaza?"

"Niliwaza wewe una watu."

"Watu gani?"

"Wenzako. Walikuja kila siku, wakakaa na wewe. Nilikuwa nawasikia kutoka uani, wakati mwingine hamsemi kitu, mmekaa tu. Mimi walinipa mkono wakitoka." Hakusema kwa kulalamika, alisema kama anayetaja vipimo vya mlango. "'Shemasi, mtie moyo mama.' Wote waliniambia hivyo. Basi nikakutia moyo. Sijui kama nilikutia."

Mama Mikate alikuwa ameona ngazi nyingi za nyumba za wagonjwa na wafiwa, na wanaume wengi wamekaa juu yake. Yeye mwenyewe, na kikapu chake mkononi, aliwapita akienda kwa mke ndani, na wakati wa kutoka akawapa mkono. Kaka, mtie moyo mama. Baba, mtie moyo bibi. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye yeye aliwahi kukaa naye chini. Wagonjwa walimtukana, akawachekea. Mzee mmoja alimtupia mkate usoni, yeye akarudi kesho yake na mwingine. Huyu aliyelala ubavuni pake alikosea neno, naye akafungasha begi.

Bado alikuwa na hasira. Ilikuwa palepale, nzito kama awali. Lakini sasa aliona kwamba kulikuwa na kitu kingine chini yake.

"Shika," alisema. "Binti atadhani tumekimbia nacho."

Walikiweka mahali pake nyuma ya gereji, kati ya kitanda cha mama na ndoo. Shemasi alilala chali kukaza parafujo iliyolegea. Binti alimlaza mtoto, akakibembea kidogo, kisha akasema kwa aibu, "Siku ile Shemasi alimwombea. Kama hamtajali, mumwombee tena."

Mume na mke walitazamana. Shemasi alitikisa kichwa, hapana, yeye hawezi. Basi Mama Mikate alifumba macho. Maneno ya kusema hakuwa nayo, na safari hii hakukuwa na mtu wa kusemwa.

"Bwana," alisema, "mlinde huyu. Akue, amchokoze mama yake. Asikose maziwa. Na wetu..."

Hapo sauti ikaisha. Gerejini nyundo ililia mara kadhaa juu ya bati. Binti alifumbua jicho moja.

"Na wetu aliye kwako," Shemasi alimalizia kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia, "mwambie kwamba tunamkumbuka. Sote wawili."

"Amina," alisema binti.

*

Kurudi walipita karakana. Shemasi alikuwa anapitiliza, lakini Mama Mikate alisimama mlangoni.

"Fungua."

"Nimesahau nini?"

"Hujasahau kitu. Fungua."

Alifungua kufuli. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya gundi. Maranda yalijaa chini ya meza, randa na patasi zimepangwa ukutani kwa ukubwa, na mlango wa mtu ulikuwa umebanwa kwenye jiriwa, umepigwa randa nusu. Mama Mikate alijua mahali hapo kama kiganja chake, lakini tangu mazishi hakukanyaga. Hapa ndipo mumewe alipotengeneza lile sanduku dogo la kumzikia mtoto, peke yake, mchana ule ambao nyumba yao ilijaa wanawake.

Aliketi kwenye kibao karibu na mlango. Wageni wa kundi lao hukaa hivyo: karibu na mlango, mikono mapajani, bila kuuliza kitu, bila kuahidi kitu.

"Unafanya nini?" Shemasi aliuliza.

"Nimekuja kukutembelea."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na mahali pa kwenda. Akachukua ufagio. Alifagia maranda kutoka upande huu kwenda upande ule, akayafagia kuyarudisha. Mkewe alikaa. Akapanga upya misumari kwenye makopo. Mkewe alikaa. Mwishowe aliketi chini, palepale penye vumbi, mgongo kwenye mguu wa meza, magoti juu.

"Nilimpa jina," alisema.

Hawakuwa wamempa mtoto jina. Watu waliwaambia ni afadhali hivyo, kisicho na jina husahaulika mapema.

"Lini?"

"Siku ile, nikipiga misumari. Nikaona haiwezekani mtu aende hivi hivi. Na jioni hizi nikisali peke yangu namtaja."

"Ulimwita nani?"

Akalitaja. Lilikuwa jina la babu yake mzaa baba.

Mama Mikate alimkazia macho. "Babu yule aliyekuwa akikoroma kanisani mpaka mahubiri yanasimama?"

"Huyohuyo."

"Jina zito vile? Kama gunia la saruji? Ukambebesha mtoto mchanga!"

"Angekua nalo!" Shemasi alisema, na akaanza kucheka, safari hii kweli, na kicheko kikafika mahali kikageuka, mabega yakaanza kumtikisika, akafunika uso kwa mikono yake mikubwa. Mkewe hakumwambia nyamaza. Aliteremka kwenye kibao, akakaa kwenye maranda karibu naye, bega kwa bega, akamwacha alie. Yeye mwenyewe alikuwa amelia mwaka mzima akishikiliwa mikono.

"Mimi nilimwita lingine," alisema baadaye.

Shemasi aliinua uso, pua imemjaa vumbi. "Na wewe?"

"Tangu akiwa tumboni."

"Lipi?"

Akamwambia.

"Hilo la msichana," Shemasi alisema.

"Si la msichana."

"Nina shangazi anaitwa hivyo."

"Shangazi yako alikosewa. Ni jina la kiume, tena limo kwenye Biblia."

"Limo wapi? Nitajie mahali."

"Mimi ndiye nikutajie? Shemasi ni nani kati yetu?"

"Nakwambia la msichana, mke wangu. Wangemcheka shuleni."

"Kwa hilo lako wasingemcheka? Hilo lako wangemtania mpaka walimu!"

Simu yake ililia mfukoni mwa sketi. Alikuwa dada yake. Mama Mikate aliipokea bado amekaa chini, mkono mmoja ukipangusa maranda kwenye nguo.

"Kesho nikupokee stendi saa ngapi?" dada aliuliza. "Nimekwisha kukutandikia."

"Kesho siji, dada."

"Ehe? Mmepatana?"

Mama Mikate alimtazama mumewe. Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa akihesabu kitu kwa vidole, midomo ikienda bila sauti: alikuwa anapitia vitabu vya Agano la Kale, akilitafuta lile jina ili asilione.

"Bado," alisema. "Ndiyo kwanza tumeanza kugombana."